Mguu Unaoota Tena

Hasira hii sijaimaliza hadi leo, na wala sitaki kuimaliza. Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa muuzaji katika duka la samaki wa mapambo huko Al Quoz, Dubai, katikati ya gereji na maghala. Samaki tulikuwa nao wa kila rangi, lakini aliyevuta watu hakuwa samaki. Alikuwa aksolotli, ndugu wa mbali wa chura: mweupe, ana miguu minne na mkia, na matamvua ya kupumulia yamemsimama nje ya shingo kama manyoya. Chura huanza maisha majini, kisha hutoka kwenda nchi kavu. Huyu hatoki. Anazaa na kuzeeka humo humo majini, na umbo lake la utotoni.

Na ukimkata mguu, unaota upya. Mfupa, vidole, kila kitu.

Hapo ndipo arbab, mwenye duka, alipoona biashara. Mteja akisitasita, arbab anatoa mkasi wa kucha kwenye droo, anamshika mnyama, anamkata mguu. Hapo hapo, mteja anaangalia! "Usijali, madam. Rudi baadaye uone." Madam anapiga kelele kidogo, anacheka, ananunua tangi. Wa kufuta meza ni mimi. Haki ya Mungu, kuna watu sijui waliumbwa na roho gani.

Siku yangu ya mapumziko nilienda saiba, nikaingia intaneti nikasoma habari zake. Kwao ni Meksiko, kwenye maziwa ya nyanda za juu, maji baridi. Maziwa yale yalikaushwa mji ukajengwa juu yake, ikabaki mifereji michafu, na humo wakatiwa samaki wageni wanaokula mayai yake. Porini anakaribia kwisha kabisa. Yaani kwao anatafutwa haonekani, na huku anakatwakatwa ili tangi liuzwe! Nilitoka pale nimefura hadi nikasahau kushuka kwenye kituo changu.

Mwezi wa nane mashine ya kupoza maji ikaharibika. Nikamwambia arbab, akasema inshallah. Basi nikawa nagandisha chupa za maji kwenye friji yetu ya wafanyakazi na kuziweka tangini. Sasa, kila aliyekaa Dubai wakati wa joto anajua kwamba bomba la baridi ndilo la moto, kwa sababu pipa la maji liko juu ya paa linachomwa na jua. Ukitaka maji ya kuvumilika, unazima hita, ambayo tangi lake liko ndani kivulini, unafungulia bomba la moto. Arbab alilijua hilo kuliko mimi. Lakini mteja alikuwa njiani, tangi lina uchafu, na yeye ana haraka zake; akachomeka mpira kwenye bomba la baridi akajaza. Niliporudi kutoka kula nilimkuta mnyama amejikunja, matamvua yamenywea. Siku mbili baadaye, kwenye kigutu cha mguu uliokatwa mwisho, ukungu mweupe ulikuwa umeshika.

"Sir, anakufa."

"Yalla, mtoe hapo mbele, wateja wasimwone."

Hakusema mtibu. Alisema mtoe mbele!

Dereva wetu, mzee wa Kizanzibari tuliyemwita ami, alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. "Mwanangu, mtie kwenye ndoo," akasema. "Twende kwangu." Nilikuwa nimesoma kwamba aksolotli mgonjwa huwekwa kwenye friji, kwa kuwa baridi hupunguza nguvu za ukungu. Nikamweleza mke wa ami hivyo, nimeshika ndoo.

"Salale! Umeniletea nini hichi? Kwenye friji yangu, na pweza wangu?"

"Wewe usije tu ukamtia nazi," ami akamjibu.

Aligomba, lakini alisogeza nyanya. Na ni yeye aliyembadilishia maji kila siku, akinipigia simu: "Leo kala." Siku nyingine: "Nahisi kigutu kinachipua." Nilipoenda kumwona, mguu mpya ulikuwa umetoka, mfupi kuliko mingine, vidole vimebanana. Nililia pale jikoni kwa mtu, nikilia kwa furaha na hasira pamoja.

Arbab alijua nimemchukua, na hakuwahi kuuliza hali yake. Sasa, siku moja asubuhi, akaniita. "Yule mnyama yuko wapi? Mguu umeota? Mlete. Kuna mteja mkubwa anakuja."

"Alikufa, sir." Sikupepesa macho. Nilijiandaa kwa matusi, nilijiandaa hata kufutiwa viza.

Hakuuliza alikufa lini wala nilimtupa wapi. "Khalas, yameisha," alisema, na pale pale mbele yangu akanyanyua simu, akaagiza wengine watatu.