Fomu ambayo Esnath hakuisaini

Saa moja asubuhi. Ukungu bado umetanda juu ya mto pale Ipogolo, mjini Iringa, na Esnath Mwakibete anakagua nyaya za lori lisilo na injini. Kabini imelazwa mbele. Mahali ilipokuwa injini pamebaki uwazi wenye oili iliyoganda na punje za mchele.

"Panya," anasema bila kugeuka. "Wanafuata mchele, wakiumaliza wanakula nyaya."

Anazungushia waya mmoja utepe mweusi, anajifuta mikono, kisha anatazama saa. Saa mbili anatakiwa aondoke na gari la mtu mwingine kwenda Madibira.

Esnath ana miaka arobaini na tisa na watoto watatu. Ni mmoja wa wanawake wachache wanaobeba mchele kwa lori kutoka Madibira, wilayani Mbarali, kupandisha Mafinga hadi Iringa. Kwa miezi minne sasa anafanya deiwaka: anaendesha gari la mwenzake siku ambazo dereva wake amepumzika. Analipwa shilingi elfu thelathini kwa safari. Kuna wiki anapata safari mbili, kuna wiki hapati hata moja.

Lori lake la tani tatu walilinunua jipya mwaka 2021, yeye na mumewe Aroni, kwa mkopo wa benki, kutoka kwa wakala aliyeko Mbeya. Lilikuja na waranti ya miaka mitano.

"Hatukuwahi kumiliki kitu chenye waranti," anasema. "Aroni ile karatasi aliiweka kwenye Biblia."

Aroni alikuwa fundi wa magari hapo hapo Ipogolo kwa miaka ishirini na miwili. Wiki mbili baada ya kulileta lori nyumbani, aliifungua injini na kutoa themostati, kifaa kidogo kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi wa barabara hii wana desturi hiyo. Bonde la Usangu, iliko Madibira, lina joto, magari huchemsha, na wao huona heri maji yazunguke muda wote.

"Mimi ndiye niliyeshika tochi," anakumbuka Esnath. "Nikamuuliza, hili si jipya? Akasema, jipya la kwao, huku halijafika bado."

Aroni alifariki Novemba 2023 kwa maradhi ya figo. Matanga yalipokwisha, mkopo ulikuwa bado. Esnath, ambaye mumewe alikuwa amemfundisha kuendesha kwenye mashamba ya Kalenga, akashika usukani.

Septemba mwaka jana, akipanda kuelekea Mafinga na magunia ishirini na nane, taa ya oili iliwaka. Kisha akasikia kishindo kizito chini ya kiti, kama nyundo kwenye mlango wa bati. Akazima gari na kubaki amekaa.

"Nilishika simu nimpigie Aroni," anasema. "Nilifika mpaka kwenye jina lake."

Lori lilivutwa hadi kwa fundi Hamza, mtu mfupi mwenye maneno mengi aliyefanya kazi na Aroni tangu ujana wao. Hamza aliifungua injini na kukuta imenoki, vyuma vimelana. Alikuta pia pampu ya oili ina ufa.

"Shemeji, huu ufa umetoka nao kiwandani," alimwambia. "Kuna lori la toleo hili hili liko Uyole, Mbeya, limekufa hivi hivi, na themostati yake ipo."

Waranti ilikuwa hai bado. Esnath alipiga simu Mbeya, na baada ya siku tisa wakala akamtuma mkaguzi wake, kijana mmoja aitwaye Kalinga.

"Kamwene, mama," alisalimia.

"Kamwene, baba."

Kalinga alipiga picha, akachungulia, akauliza themostati iko wapi. Hamza akakohoa. Esnath akajibu kwamba aliitoa mume wake.

Kijana alipoondoka, Hamza alitupa spana chini. "Shemeji, si ungesema hujui! Gari linapita mikono mingapi?"

"Limepita mikono ya watu wawili. Mmoja tumemzika."

Kabla ya kuondoka, Kalinga alikuwa amemweleza kwamba asubuhi za Mafinga ni za baridi, na injini isiyo na kifaa kile hufanya kazi bila kupata moto wa kutosha, oili ikachafuka pole pole. Kuhusu ufa wa pampu hakusema sana. Alisema hilo ni la watengenezaji wenyewe kuliangalia, si wakala.

Esnath alimwamini. "Usiku ule nilisema kwa sauti, Aroni, ulikosea. Nikalia kidogo, nikalala."

Wiki mbili baadaye aliitwa Mbeya. Injini mpya ilikuwa shilingi milioni kumi na moja, na wakala alikuwa tayari kubeba nusu, kwa sharti kwamba asaini fomu na kufuta madai mengine yote. Aliisoma mara mbili. Mstari wa tatu ulisema uharibifu umesababishwa na mtu asiye fundi.

"Nikamwambia ofisa, andika alikosea, nitasaini sasa hivi. Usiandike hakuwa fundi."

"Mama, hiyo ni fomu, haibadiliki," ofisa alijibu.

Esnath alirudisha kalamu na kupanda basi la Iringa.

Nyumbani hakupongezwa. Binti yake Gloria, aliyemaliza kidato cha nne, aliosha sahani kwanza. "Mama, baba hajui kitu sasa," alisema. "Ungesaini tu."

"Mimi najua," Esnath alimjibu.

Hata hivyo Gloria ndiye aliyechapa barua kwenda kwa watengenezaji, nje ya nchi. Waliandika yote mawili: kwamba themostati ilitolewa na fundi Aroni, na kwamba pampu ina ufa. Waliambatisha picha za lori la Uyole. Jibu lilichukua wiki kumi, nalo lilikuwa na mistari minne. Hawakuahidi kitu. Walitaka pampu yenyewe ipelekwe kwa wakala, ikaguliwe.

Ofisi ya Mbeya ilimwambia aitume kwa basi kama kifurushi. Amekataa. Alhamisi hii ataipeleka mwenyewe.

Anatumaini jibu litakuja kabla ya Mei, mavuno ya Madibira yanapoanza na mizigo kuwa mingi. Yasmini, mfanyabiashara wa mchele mjini Iringa ambaye magunia yake yalikwama siku injini ilipokufa, ameahidi kumwekea kazi hadi mwezi huo, si zaidi.

"Nimechoka," anasema Esnath, akivaa sweta kabla ya kuondoka. "Wakikataa, nitaendelea na deiwaka mpaka nipate injini ya mtumba. Lakini pampu nataka kuiweka mezani mimi mwenyewe. Wakiuliza nani aliifungua injini yao, nitasema ni Aroni Mwakibete, fundi wa Ipogolo. Na nitasubiri mpaka waandike hivyo."