Siku Nilipomtangazia Zaituni Matende

Kisa hiki hata mke wangu sijamsimulia chote, maana nikifika kwenye habari ya miguu masikio yananiwaka moto, ingawa ni zamani, enzi za Mwingereza, nilipokuwa dresa wa zahanati huku Unyambwa (kazi yangu ilikuwa kufunga vidonda na kugawa vidonge, ila nikishavaa ile kaptula nyeupe nilijiona daktari mzima).

Asubuhi moja akaja Zaituni, mke mpya wa Hamisi, na mama mkwe wake. Zaituni kiunoni alikuwa mwembamba, lakini toka nyonga hadi vifundoni miguu imejaa kama vinu. Akasema inauma, na ikiguswa kidogo tu damu inavilia. Mimi kitu kile sikuwahi kukiona. Ningesema sijui yangeishia hapo, lakini benchi limejaa watu na wote wananitazama, basi nikakohoa, nikasema kwa sauti, "Haya ni matende. Na apunguze kula."

"Yanaambukiza?" mama mkwe akauliza.

"Mjihadhari," nikajibu (Mungu anisamehe).

Haikupita wiki Zaituni akatengewa sahani yake, akahamishiwa kulala jikoni, kisha Hamisi akapeleka shauri kwa jumbe ili amrudishe kwao Mgori, na shahidi ni mimi. Ningeweza kusema nimekosea, lakini nilipofika barazani nikakuta nimewekewa kiti, nikakaa, nikarudia yale yale.

Ndipo mama yake Zaituni akasimama. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie na mimi naumwa nini." Akapandisha kanga hadi magotini: miguu ile ile ya binti yake. "Marehemu mama alikuwa nayo, dada yangu anayo. Mume wangu hana, na tumelala kitanda kimoja tangu ujana wetu. Matende gani haya yasiyofika kwenye nyayo?"

Nikatazama. Kweli, unene uliishia kifundoni kama umefungwa kamba, na nyayo ni nyembamba kama za msichana. Nami, ili nionekane najua, nikainama nikambonyeza kwa kidole. Yule mama alipiga ukelele, akanichapa mkono, nikarudi nyuma nikakikumba kiti na kukaa chini vumbini, na baraza zima likacheka, isipokuwa Zaituni.

Jumbe hakucheka sana. "Bwana Dresa, ugonjwa huu unaujua au huujui?"

"Siujui, jumbe."

Shauri likasimamishwa hadi daktari wa mjini apite kwenye ziara yake. Alipokuja aliomba ruhusa kwanza, ndipo akaigusa miguu ya Zaituni, taratibu. Akasema ni mafuta yanayojikusanya chini ya ngozi, ni ugonjwa wa wanawake, hurithiwa, hauambukizi wala hauletwi na ulafi: hata afunge mwezi mzima atakonda uso, miguu itabaki vile vile. Dawa ya kuyaondoa hana. Akanionyesha kufunga bandeji kuanzia kwenye unyayo kupanda juu, akamwambia Zaituni atembee kila siku na akipumzika aiinue miguu, maumivu yatapungua.

Nikaenda kwa Hamisi nikayasema yote mbele ya mama yake, na kesho yake nikayarudia pale kwenye benchi la zahanati. Zaituni alikuwa amekwisha kwenda kwao na mama yake, basi Hamisi alimfuata Mgori mwenyewe, na hakupewa siku ile; alirudi mara tatu ndipo akapewa.

Baadaye Zaituni akawa anakuja nimfunge bandeji. Siku moja nikajikaza, nikamuuliza kama amenisamehe.

"Nimekusamehe," akasema, akiwa anatazama mlangoni. "Lakini wewe ulianguka mara moja, ukajikung'uta vumbi, watu wakasahau. Mimi hadi leo nikienda kisimani kuna wanaovuta ndoo zao kando."

Nikaendelea kuifunga ile bandeji. Toka hapo, mgonjwa akija na nisichokijua, namwambia sikijui, hata benchi liwe limejaa vipi.