Sinema ya Ukutani kwa Kukhu

Jumamosi, saa nane na dakika kumi mchana, ndipo yote yalipoanza. Klabu ya sanaa ilikuwa imetundika shuka darasani, mwalimu akatuonyesha filamu isiyo na maneno: mtu anarudi nyumbani, anakuta familia yake ikila imekaa darini, vichwa chini, na hakuna anayeshangaa. Wenzangu waliguna, wengine wakacheka. Mwalimu akasema wasanii wa aina hiyo huchukua kitu tunachokijua, kama sufuria au mama, wakakigeuza kidogo tu mpaka kitutishe. Mimi sikuogopa. Niliona kwetu.

Enzi zetu (nina miaka kumi na sita, lakini enzi tayari ninazo) tuliishi Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Chumba cha Kukhu, nyanya yangu, kilikuwa na dirisha la mbao lenye tundu la msumari. Jua likiwaka na dirisha likifungwa, picha ya uwanja wote iliingia kwa tundu hilo ikatua ukutani, juu chini: kamba za nguo, kuku, Mama Wanjiru na karai lake la maandazi, miguu hewani. Tulijibanza kitandani kwa Kukhu, kwenye harufu ya dawa yake ya kuchua, tukatazama. Watoto wa siku hizi video ya nusu dakika inawachosha. Sisi tulimngoja kuku mmoja avuke ukuta mzima.

Kukhu hakuwa akitembea tena. Baba alipotaka kuziba lile tundu kwa sababu ya baridi, Kukhu alimwambia, "Ukiziba hapo, mwanangu, umenifungia majirani." Baba akaondoka na kipande chake cha mbao.

Siku ya matanga ya Kukhu nilijifungia humo peke yangu. Viti vya kukodi vilining'inia ukutani, waombolezaji wakapita vichwa chini. Nilimtafuta kati yao.

Kisha Baba akastaafu, tukahamia Kware, ghorofa ya tano. Dirisha letu linatazamana na la jirani. Ukinyoosha mkono unaligusa. Jua haliingii hata likialikwa. Hapa kila kitu kimesimama wima, na Kukhu ananitoka. Juzi nilijaribu kuukumbuka uso wake, nikapata leso tu.

Filamu ilipokwisha, mwalimu aliuliza nani ana la kusema. Niliangalia viatu vyangu.

Jumapili asubuhi sikwenda kanisani. Nilikwenda Makongeni, nikabisha mlango uliokuwa wetu. Alifungua mama mmoja, mtoto mgongoni. Dirisha sasa ni la kioo, lilionekana kutoka mlangoni. Nilimweleza yote mbio mbio, mimi nisiyeongea darasani, nikaomba nikae chumbani humo kidogo tu. Alinitazama, nikajua nimejiaibisha.

"Wewe msichana," akasema, "hata chai bado hujakunywa."

Akaingia ndani, akavuta blanketi kitandani, akalitundika dirishani mpaka chumba kikawa giza, kisha akaniuliza tundu lilikuwa upande gani. Nikamwonyesha kwa kidole.