Malaika Aliyeleta Uji

Siku zile nazikumbuka, mwanangu, kwa harufu ya uji wa mchele. Ilikuwa enzi za Mdachi, nami nilikuwa karani kijana hapa kisiwani Chole, Mkristo peke yangu mtaa mzima, na kwa majivuno sikuwa na mwenzangu. Homa ilinilaza siku tisa. Nilipopona nikayaandika hayo kwa gazeti dogo la misheni iliyonilea. Chombo cha kuipeleka barua kilikuwa kinaondoka adhuhuri.

Huku kwetu, barua ya safari husomwa kwanza barazani ili jirani aongeze salamu zake. Basi nikamsomea Bi Zuhura, mjane Mwislamu wa nyumba ya pili. Nikasoma kwa madaha kwamba nililala kama Ayubu, sina jirani wala rafiki, hata malaika wakashuka kunilisha.

Bi Zuhura akaacha kusuka ukili wake wa mkeka.

"Na uji wangu wa siku tisa, baba, nilikuwa nampa nani?"

"Ni namna ya kuandika tu, Bi. Nilitaka Mungu atukuzwe."

"Kumbe hatukuzwi mpaka mimi nifutwe? Basi salamu zangu usiziweke. Mtu asiyekuwepo hatumi salamu."

Niliona haya, mwanangu, masikio yakawaka moto. Bwana wetu alisimulia habari za majeruhi wa njiani, na Msamaria aliyemwokoa hakumficha. Hata kunguru waliomlisha Eliya wametajwa. Mimi nikamficha mama mzima na bakuli lake!

Nikaichana ile barua. Nahodha anaita, mimi naandika mbio, tena kwa hofu, maana sikujua mwalimu wangu wa misheni, mwenye gazeti, atasemaje akiona malaika wangu ni Mwislamu. Nilipomsomea Bi Zuhura ile mpya, alicheka.

"Haya, weka salamu zangu. Na uandike kwamba uji ulikuwa wa tui, mwalimu asije akadhani nilikupa wa maji."

Nikaandika, na wino haujakauka nikakimbilia pwani.

Wewe nawe unapenda kalamu, ndiyo maana nakwambia. Ukiomba, tazama juu. Ukiandika, tazama na mlangoni, nani amebisha hodi na amebeba nini. Mungu hahitaji uongo wetu ili aonekane mkubwa.

Akubariki mkono huo. Siku ukiugua, akuletee mtu wa kukupikia uji. Na ukipona, mwanangu, umtaje kwa jina.