Binti Ambaye Hajatoka Kisimani

Habari ilinifikia Jumatatu nikikagua vyumba vya nyumba ya wageni ninayoimiliki hapa Morogoro: yule mlinzi wa Doha, mtunzi wa nyimbo za hadithi, amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba niliishi Qatar miaka tisa, nikaingia kama mbeba mizigo hotelini, nikatoka msimamizi wa zamu, na stashahada yangu niliisoma hukohuko bila kushikwa mkono na mtu. Sisemi hivi kwa kujisifu tu, ingawa sifa ninazo. Nasema kwa sababu marehemu, aliyeishia darasa la saba, ndiye mtu pekee kule aliyenifanya nione kuna jambo silijui.

Mwanzoni tulikaa chumba kimoja katika kambi ya wafanyakazi, Industrial Area, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Alilinda lango la jengo moja la matajiri, mtaa wa The Pearl, na nyimbo alizitunga ndani ya basi la kampuni, akipiga mdundo kwenye kiti cha mbele mpaka aliyekikalia alalamike. Hakuimba mapenzi. Aliimba visa vya kale, na visa hivyo alivikusanya kwa watu: wapishi, madereva, wafagiaji. Ukikutana naye, swali la kwanza halikuwa mshahara wako, bali, “Kwenu kuna mahali watu hawapiti?” Mimi nilimjibu kwamba kwetu hakuna. “Fikiri vizuri, bwana mkubwa,” akasema. Siku ya tatu nikakumbuka korongo nyuma ya shule yetu, ambalo hata walimu walilizunguka. Mpaka leo najiuliza alijuaje. Na alikuwa na sharti lake: wimbo ukikamilika hauimbwi hadharani mpaka mtu wa mahali kisa kilikotoka ausikie kwanza, aseme, “Ndiyo, ni wetu.” Wimbo mmoja ulikaa miezi saba ukimsubiri mtu wa Kigoma.

Kisa kilichotukosanisha alikipata kwa mpishi aliyewahi kufanya kazi upande wa Same. Ndugu wawili waligombania kisima. Dada yao akaingia ndani yake, akaapa hatatoka mpaka wamwite kwa pamoja. Mmoja aliita asubuhi, mwingine akaita jioni. Basi, kinaishia hapo. Mimi, mtu wa kumaliza kazi, nikaona kasoro, nikaandika ubeti wa mwisho: ndugu wanapatana, binti anatoka na mtungi kichwani. Wakati huo mwenye studio mmoja wa Dar es Salaam alikuwa anakuja Doha kutafuta mwimbaji mmoja wa kumrekodi, nafasi ambayo mwenzangu aliingojea miaka. Alisita, maana hakuwa amempata mtu wa kijiji chenye kisima hicho. “Nani Doha hii atajua?” nikamwambia. “Imba.” Tukafanya mazoezi, nikamrekodi kwenye simu yangu.

Mkusanyiko wa kumsikiliza ulikuwa mtaa wa Abu Hamour, Ijumaa baada ya sala. Alipofika pale ndugu wanapoita kila mmoja kwa wakati wake, dereva mmoja Mkenya akapaza sauti, “Si mumtoe basi, boss! Huyo dem ataloa!” Watu wakacheka. Binti akatolewa, makofi yakapigwa, na mwenye studio akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo dada mmoja, mfanyakazi wa ndani aliyekuwa akigawa sambusa, akaweka sinia chini.

“Kaka, samahani. Huyo binti hajatoka.”

“Dada, huu ni wimbo tu,” nikamjibu mimi.

“Kwenu ni wimbo. Kwetu mpaka leo hakuna anayeteka maji pale peke yake. Unamsubiri mtu wa ukoo wa yule ndugu mwingine, mnainama pamoja, mnaita pamoja. Bibi yangu na jirani yake walikuwa hawasemezani, lakini pale waliinama pamoja. Sasa mkimtoa nyie huku, kule watu watasubiriana kwa ajili gani?”

Marehemu akamvutia kiti. “Mnaitaje?” akamuuliza. Dada akaita, kwa sauti ndogo, mbele ya watu wote. Kisha marehemu akauimba wimbo upya bila ubeti wangu, akakomea pale kisa kinapokomea. Mwenye studio akasema wimbo usio na mwisho hauuziki, akamchukua mwimbaji mwingine.

Tukirudi kambini nilimfokea. “Umetupa bahati yako kwa ajili ya kisima ambacho hujawahi kukiona!”

“Ndiyo maana,” akasema. “Ningekuwa nimekiona, ningebishana na yule dada.”

Hakupata nafasi nyingine ya kurekodi. Nami tangu siku ile nina swali ambalo stashahada haikunijibu: ni nani wa kwanza aliyekiacha kisa kile wazi? Alisahau mwisho wake? Au alikuwa mwanamke mmoja mwerevu aliyejua kwamba ugomvi wa maji hauishi kwa siku moja, akahakikisha kila kizazi kina sababu ya kuinama tena? Sisi tuliotoka tukarudi tunapenda kurekebisha. Tukiona ufa tunaziba, wala hatuulizi kama ni ufa au ni dirisha.

Sasa mama wa marehemu ameniomba ile sauti kwa ajili ya arobaini, na niliyo nayo ni ya siku ya mazoezi tu, yenye ubeti wangu. Nilimpigia yule dada, ambaye bado yuko Doha. “Mpe mama yake, kaka,” akasema. “Utamkatiaje sauti ya mwanawe? Ila uwaambie watu ubeti ule ni wako.”

Basi nawaambia. Nimejenga mengi kwa mikono yangu na sioni haya kuyataja. Ubeti wa mwisho nao ni wangu, si wake, na ni kosa. Anayetaka kuimba kisa cha watu aende kwanza kwa wenyewe, akae, asikilize mpaka pale wanaponyamaza, naye anyamaze hapohapo.