Uso wa Mama kwenye Mpingo

Mjomba wangu hakuweza kumvumilia mtu anayetaka kitu kwa ajili yake mwenyewe. Miaka ile ya Ujamaa alipata neno la kumsaidia, ubinafsi, akalitumia hata kwa mtoto aliyeomba kuongezewa chai. Chai yake yeye ilikuwa ya maziwa.

Nilifika kwake Kinondoni nikitokea kusini, baada ya mama yangu, dada yake, kufariki. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kama nataka. Alinipa tezo na patasi, akaniketisha kwenye kibanda cha makuti nyuma ya nyumba, nikawa nachonga kile alichochonga yeye na kila mchongaji wa mtaa ule: nguzo ya watu waliobebana, huyu mabegani mwa yule, mpaka juu. Nazo ziliitwa ujamaa. Wazungu walizigombea, mimi nilizichukia. Watu wote wale walikuwa na uso mmoja, na uso huo ulikuwa unaufuta ule niliokuja nao kichwani.

Ndipo nilipojiwekea lengo. Nitamchonga mama kabla sijamsahau. Kichwa tu, chale za mashavuni, na ule mdomo uliokuwa karibu kucheka hata alipokuwa anagomba. Picha yake hatukuwa nayo. Jumapili nilimpasulia magogo mchongaji jirani, naye akanilipa kipande cha mpingo.

Nilichonga kwa kuibia muda. Mashavu yakatoka, macho yakatoka. Sehemu ya chini niliiacha gogo vilevile, kwa sababu mdomo niliuogopa.

Siku moja mjomba alinituma dukani kununua msasa na rangi ya viatu ya kung'arishia vinyago. Niliporudi nilimkuta kwenye kigoda changu, kichwa cha mama kati ya magoti yake. Pale nilipouwekea mdomo nafasi alikuwa ameshachimba watu wawili wamepiga magoti, wamekibeba kichwa.

Nilimwambia yule ni mama. Hakuinua macho.

"Namjua, nimezaliwa naye," alisema. "Lakini mtu mmoja hauziki."

Akauzwa wiki ileile. Jioni mjomba akawasimulia majirani jinsi alivyoniokoa na ubinafsi, nao wakacheka. Nilimtakia mabaya ambayo hata leo sioni aibu kuyakumbuka.

Nilipopata mke nilihamia Temeke, mbali na mjomba kadiri nilivyoweza, nikajijengea kibanda changu. Mpingo wa kwanza ulikuwa wa mama. Chale zilikuja vizuri. Mdomo ukaja umebanwa, pembe zimeshuka, mdomo wa mtu anayekunyima chai. Nikakitia kichwa kile jikoni kiwe kuni. Nikachonga kingine, mdomo ukaja uleule. Nikachonga tena.

Mke wangu hakumjua mama, ila alimwona mjomba siku ya harusi yetu. Alikipangusa kichwa cha mwisho vumbi kwa upindo wa kanga, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mbona umemchonga mjomba wako?" aliniuliza.

Nilikichukua mikononi mwake. Huenda ni mkono wangu uliozoea kumtii. Huenda mama alikuwa na mdomo ule tangu mwanzo, na kicheko nilikitunga mimi. Aliyeweza kuniambia kama walifanana alikuwa mtu mmoja tu, bado mzima, kule Kinondoni, na nilikuwa nimeapa sitakanyaga kwake. Sikukanyaga.