Mwenzake Vanodei

Zamani kwetu mbwa hakupewa jina ovyo. Ukimpa mbwa jina ulikuwa unampelekea mtu ujumbe, na mtu huyo aliusikia kila jioni ulipomwita mbwa wako kula. Hakuwa na pa kukushtaki, kwa kuwa ulikuwa unamwita mbwa tu. Ugomvi mwingi uliishia hapo bila panga wala polisi. Siku hizi mbwa wanaitwa Taiga, Bobi, Spaida, majina yasiyomwambia mtu chochote, na ndugu wakikosana wanaburuzana mahakamani.

Eneresi Gwatidzo ndiye wa mwisho kijijini petu anayeijua kazi ile. Mumewe alipozikwa, Zakariya, mdogo wa marehemu, alianza kuja na maneno kwamba mjane asikae peke yake, kwamba nyumba na bustani ya mtoni viangaliwe na ukoo. Eneresi hakubishana. Alitafuta watoto wawili wa mbwa. Dume akamwita Vanodei, yaani Wanataka Nini. Jike akamwita Muchaneta, yaani Mtachoka. Kila jioni alisimama uani akawaita kwa sauti ile ile anayoimbia kanisani, na ng'ambo ya uzio Zakariya akafunga dirisha.

Wakaishi hivyo mpaka mbwa wakazeeka. Mwaka huu, wakati wa kuvuna mahindi, Muchaneta aligongwa na lori la mchanga. Vanodei akajilaza juu ya udongo alipofukiwa mwenzake, akakataa sadza, ndio ugali wetu, akakataa hata mifupa. Mbavu zikaanza kuonekana. Zakariya hakukawia kuja.

"Maiguru, pole kwa mbwa," alisema. Hata kofia hakuvua, naye anaongea na mke wa kaka yake.

"Asante, Babamunini," Eneresi alimjibu shemeji yake. "Huyu aliyebaki hali kitu."

"Ndilo lililonileta. Huyo naye akifa, hapa hapakaliki. Mwanamke mzee, peke yake, bila hata wa kubweka? Nimeongea na wazee wa ukoo, wamekubali. Mbwa akiondoka, unahamia kwangu. Kuna chumba nyuma ya jiko."

"Kile cha kuku?"

"Kuku tutawatoa."

"Wamekizoea, Babamunini. Usiwasumbue."

Alipoondoka, Eneresi alizunguka kijiji kizima akiulizia mtoto wa mbwa. Zamani ungebisha mlango wowote, ukatoa kuku, ukarudi na mbwa kwapani. Sasa aliyekuwa na watoto wa mbwa alikwisha kuwauza mjini kwa wenye maduka. Mwishowe muuguzi wa kliniki akamwambia kuwa mjini Masvingo kuna nyumba ya mbwa waliotupwa. Mbwa waliotupwa! Baba yangu angeambiwa hivyo angeuliza nani amelewa. Kwetu aliyehama alimwachia jirani mbwa wake, na jirani akamlisha.

Muuguzi aliwapigia simu watu wa nyumba ile. Walisema hawatoi mbwa hivi hivi. Amlete yule wa nyumbani, wakutane. Wakikataana, hakuna mbwa.

Vanodei hakuweza hata kusimama. Eneresi akamtandikia gunia kwenye toroli, akambeba, akaanza kusukuma kuelekea barabara ya lami, yeye na magoti yake yaliyovimba. Nje ya duka la pombe wanywaji wakamwona, wakamwita kama bibi yao.

"Mbuya! Mgonjwa anapelekwa kliniki?"

"Anapelekwa kuchumbia."

"Kwa uzee huo?"

"Mzee ndiyo, lakini anakwenda. Wewe mwenye nguvu umekaa hapo unachumbia chupa."

Wakacheka, ila hakuna aliyeinuka kumsaidia kusukuma. Sisi wa zamani tungeinuka. Aliyemsaidia ni dereva wa lori la kabichi, mgeni kutoka Chivhu, ambaye aliwapakia wote wawili pamoja na toroli.

Nyumba ile ilitunzwa na dada mmoja aitwaye Shylet, mwenye viatu vya mpira na subira nyingi. Eneresi alimwambia bila kuzunguka, "Nataka dume. Kubwa, lenye sauti. Nina shemeji."

Shylet akalileta dume jekundu lenye kifua kama ndama. Likabweka mpaka mabati yakalia. Eneresi akafurahi sana, kama anayelisikia tayari likibweka nyumbani kwake. Lakini Vanodei aligeuza uso ukutani. Lilipomsogelea akaonyesha meno, na mwili wake wote ukatetemeka.

"Huyu hapana, Mbuya," Shylet alisema.

"Atamzoea."

"Hatamzoea. Atakufa mapema zaidi."

Wakiwa bado wanabishana, jike moja lililokuwa likizunguka pale uani likaja taratibu. Lilikuwa na miguu mitatu. Wa nne ulikatwa na mtego wa waya. Halikunusa wala halikubweka. Lilijilaza nyuma ya Vanodei, mgongo kwa mgongo, kama Muchaneta alivyolala siku zote. Vanodei akashusha pumzi ndefu na kutulia.

"Huyo hakuna anayemtaka," Shylet alisema. "Ulinzi hawezi, Mbuya. Hata kukimbia ni shida."

Eneresi aliniambia kwamba hapo roho ilimuuma. Alilitazama dume jekundu, akamwona kwa mawazo Zakariya akirudi nyuma kwa woga. Akamtazama Vanodei.

"Mimi sikuja kumtafutia Zakariya mbwa," alisema mwishoni. "Nipakieni huyo."

Jioni aliporudi nilikuwa uani kwake, nimekuja kurudisha sepetu. Zakariya alikuwa ameegemea uzio, anangoja.

"Maiguru! Umekwenda mpaka Masvingo kuleta miguu mitatu?"

"Na ya kwangu miwili. Hesabu mwenyewe."

Aliweka sahani ya sadza mbele ya Vanodei. Mbwa hakuigusa. Zakariya akatikisa kichwa kama anayesikitika. Ndipo yule jike, mwenye njaa ya safari, akachechemea moja kwa moja mpaka kwenye sahani na kutia mdomo. Vanodei akainua kichwa. Akaguna. Kisha akasimama, miguu ikimtetemeka, akamsukuma mgeni kwa bega, akaanza kula chakula chake mwenyewe kwa hasira. Mgeni akala upande wake. Walilamba sahani mpaka ikasogea.

Eneresi akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Unamwitaje?" nilimuuliza.

Akaokota sahani, akaingia ndani. Siku ya pili, wakati wa chakula cha jioni, nilikuwa napita njiani nikamsikia. Alisimama katikati ya uwanja, akavuta pumzi, akaita kwa sauti iliyovuka uzio na kufika mtoni:

"Vanodei! Ndichiripo!"

Wanataka nini. Ningalipo.

Nilisimama kusikiliza. Dirisha la Zakariya likafungwa.